Baba Hataki Kubadilika, Kaka Anataka Kukopa, na Kiwanda Chetu cha Uchapaji Kinafifia

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto watatu, naishi Morogoro, na kwa miaka 9 sasa ndiye ninayetunza vitabu vya hesabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji alichokianzisha baba yetu mwaka 1988. Alianza na mashine moja ya Heidelberg aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, akipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Mwaka 1996 akauza shamba la urithi ili anunue mashine ya ofseti, ile inayochapa kwa mabamba badala ya herufi za risasi, jambo lililomfanya babu asiseme naye kwa karibu mwaka mzima. Mashine hiyo ya ofseti ndiyo iliyotusomesha. Kwa miaka mingi kazi yetu kubwa ilikuwa vitabu vya risiti na vya ankara kwa wafanyabiashara wa mjini, kadi za harusi na za michango, pamoja na kalenda za mwisho wa mwaka. Tulikuwa na wafanyakazi 14. Leo wamebaki 6.

Bila shaka unajua kilichotokea. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, wafanyabiashara wakubwa ndio waliotangulia kuacha kuagiza vitabu vya risiti, na wadogo wakafuata kadiri walivyoguswa na sheria. Kadi za harusi nazo sasa zinatumwa kwa simu, na kamati za harusi zinachangishana humo humo. Kalenda zimebaki za makanisa mawili na shule moja. Mwaka jana mapato yetu hayakufika nusu ya yale niliyoyakuta nilipoanza kazi.

Kaka yangu anasema dawa ni mashine ya kisasa ya dijitali, ambayo kwa makadirio aliyoletewa itatugharimu shilingi milioni 95, na benki iko tayari kutukopesha iwapo baba ataweka rehani hati ya nyumba tunayoishi. Baba anasema karatasi haitaisha duniani, kwamba alikwisha kuona misimu mibaya kuliko huu, na kwamba kijana asiyeweza kuitambua kwa sauti mashine iliyolegea mkanda hana haki ya kumfundisha uchapaji. Wiki mbili zilizopita walitupiana maneno mbele ya mafundi, na tangu siku hiyo kila mmoja huniita pembeni kwa wakati wake ili niwe upande wake.

Kuna jambo jingine dogo, ambalo pengine halihusiani na swali langu. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayetengeneza siagi ya karanga nyumbani kwake, akiomba lebo 200 za chupa zake. Tulimweleza kwamba kwa kazi ya namna hiyo hatupokei chini ya 1,000, akaondoka. Siku chache baadaye nikaikuta siagi yake dukani: lebo alikuwa ameitoa kwenye printa ya duka la vifaa vya ofisi, mafuta yalikwisha kuilowesha, na jina lake lilikuwa limechujuka hata halisomeki. Niliinunua chupa ile, sijui kwa nini. Iko mezani kwangu ninapokuandikia.

Naomba unisaidie. Ni kweli kwamba kampuni isiyobuni hufa? Na kama ni kweli, ndiyo kusema kaka ana haki na tuiweke nyumba rehani?

Binti wa Mchapaji,
Morogoro.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kusimama katikati ya baba na kaka. Mwenye daftari la hesabu huuona ugonjwa mapema kuliko wenzake, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Kabla ya yote nikuungamie jambo, ili usidhani ninayasema haya nikiwa nimekaa kivulini. Niliwahi kuwa na studio ya picha. Sikukuu ya Idd au Krismasi foleni ilifika barabarani, watoto wakiwa ndani ya nguo mpya zinazowawasha, wakingoja zamu ya kusimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mwaka 2004 nilikopa benki nikanunua mashine ya kusafishia picha za rangi, na kwa kuwa mtaa mzima hapakuwa na nyingine nilijiona mbunifu kweli kweli. Haukupita muda, zikaja kamera za dijitali, zikafuata simu zenye kamera, na watu wakajifunza kupiga picha na kuziacha humo humo. Mkopo niliumaliza kuulipa mwaka 2009, wakati mashine yenyewe ilikuwa imekwisha kufunikwa turubai.

Kwa hiyo kisa cha Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za kamera, nakijua kwa maumivu, maana nilikuwa nikiuza filamu zake. Wengi hukisimulia kwa kusema kampuni ile iliangushwa na kukosa ubunifu, na hapo hukosea. Mwaka 1975 mhandisi wake kijana, Steve Sasson, akiwa mjini Rochester katika jimbo la New York, aliunda kamera ya dijitali iliyo ya kwanza ya aina yake: dude la kilo tatu na nusu na ushei, lililochukua sekunde 23 kuandika picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye kaseti. Wakubwa wake walionyeshwa. Ila faida ya Kodak ilitoka kwenye filamu, karatasi na dawa za kusafishia, na kamera isiyohitaji hata kimoja kati ya hivyo waliiona kama mgeni aliyekuja kula akiba ya mwenyeji. Wakaendelea kuilinda filamu kwa miaka mingi, kwa sababu kila mwaka hesabu zilionyesha kwamba filamu bado inalipa. Baba yako anaposema alikwisha kuona misimu mibaya kuliko huu, anasema walivyokuwa wakisema wao, na kwa sababu ile ile: kile anachokilinda kilimlisha kweli.

Sehemu ya pili ya kisa hicho hairejewi mara nyingi, nayo inamhusu kaka yako. Kodak mwishowe iliingia katika dijitali kwa fedha nyingi, na mwaka 2005 ilikuwa ikiongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali nchini Marekani. Pamoja na hayo, Januari 2012 ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Ilikuwaje? Filamu mteja aliinunua, akaimaliza, akarudi kununua nyingine. Kamera aliinunua mara moja basi. Kutengeneza filamu nzuri ya rangi kulikuwa kazi ya kampuni chache sana duniani, ilhali kamera ya dijitali iliwezekana kwa kila kiwanda cha vifaa vya umeme, na bei ikashuka mwaka hadi mwaka mpaka simu ilipokuja kuimeza kamera yenyewe. Mashine ya shilingi milioni 95 ni nzuri, sikatai. Lakini tajiri yeyote pale Morogoro anaweza kuinunua kesho kutwa, na akiinunua pasipo mkopo atawashinda kwa bei. Kama mpango wa kaka yako hauna neno zaidi ya kuwa na mashine hiyo, basi mtakuwa mmeiweka nyumba rehani ili muingie katika shindano la bei.

Sasa tazama jirani wa Kodak. Fujifilm ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo iliishi kwa filamu, na mahitaji ya filamu za rangi duniani yalifika kileleni karibu na mwaka 2000, kisha yakaporomoka kama gogo mtoni. Shigetaka Komori, aliyeshika urais wa kampuni mwaka huo huo wa 2000, aliwaagiza wahandisi waorodheshe kila ujuzi waliokuwa nao, kisha watafute ni nani mwingine duniani anayeuhitaji ujuzi huo. Majibu yaliyopatikana yananifurahisha hata leo. Filamu hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini hutokana na kolajeni, kitu kile kile kinachoipa ngozi ya binadamu unyumbufu. Tena wataalamu wa filamu walikuwa wamehangaika miaka mingi kuzuia picha zisipauke kwa hewa na mwanga. Mwaka 2007 kampuni ikaanza kuuza vipodozi vya ngozi kwa jina la Astalift. Ule ujuzi wa kutandaza utando mwembamba sana usio na doa wakautumia kutengeneza utando maalumu unaowekwa ndani ya vioo vya televisheni na kompyuta, biashara iliyokua sana katika miaka ile. Mwaka 2008 wakanunua kampuni ya dawa ya Toyama Chemical. Nisikupambie hadithi: maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi katika mageuzi hayo, na si kila jaribio lilizaa. Lakini kampuni ipo, na inauza hata zile kamera ndogo za Instax zinazotoa picha papo hapo, ambazo vijana wamezipenda upya.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ninalijibu hivi: ndiyo, kampuni isiyobuni hufa, ila pia hufa ile inayodhani kubuni ni kununua mashine. Swali ambalo nyumba yenu haijalijadili ni lile la Komori. Mnajua nini, ambacho mwenye printa ya dukani hakijui, na nani anakihitaji leo?

Nadhani jibu liko juu ya meza yako.

Umesema hujui kwa nini uliinunua chupa ile. Mimi nadhani ulimwona mteja mliyemfukuza akirudi kwa mlango mwingine. Mama yule alikuja akiwa na shida iliyo nusu kwa nusu ya uchapaji: alitaka karatasi isiyokunywa mafuta, wino usiochujuka, gundi isiyobanduka kwenye chupa, tena kwa idadi ndogo inayolingana na mtaji wake. Mambo matatu ya kwanza fundi wenu mkuu anayajua kuliko mtu yeyote mjini, na la nne ndilo lililowashinda, kwa sababu mmezoea kuhesabu kwa maelfu kama enzi za vitabu vya risiti. Wapo wengi kama yeye. Wapo wasindikaji wa asali, wa viungo, wa unga wa lishe na wa sabuni za maji, ambao wakitaka bidhaa zao ziingie katika maduka makubwa wanaulizwa nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na namba za mistari zile zinazoanza na 620 kwa bidhaa zilizosajiliwa Tanzania. Lebo ya chakula inatakiwa ionyeshe viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, namba ya toleo na anwani ya mtengenezaji. Msindikaji mdogo huvichanganya vyote hivyo, hukataliwa, hurudi nyumbani amekata tamaa. Mchapaji atakayemkalisha kwenye kiti na kumwambia, "Mama, hapa hujaweka uzito," hatashindanishwa kwa bei na mwenye printa.

Isitoshe, tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, vifungashio vya karatasi vimekuwa na soko ambalo zamani halikuwapo. Na hapa ile Heidelberg kuukuu ya baba yako, ambayo naamini bado iko kwenye kona fulani imefunikwa vumbi, ina kazi. Mashine ya namna hiyo ukiiondolea rola za wino na kuifungia visu vya umbo hukata maboksi madogo ya karatasi ngumu na kuyatia mistari ya kukunjia, na wachapaji wengi duniani huiweka kwa kazi hiyo tu. Huo ndio ubunifu usiohitaji benki. Namba ya toleo ya chupa za siagi nayo inaweza kugongwa kwa ile ile mitambo ya namba iliyokuwa ikigonga namba za risiti. Neno moja la tahadhari: karatasi na wino wa kawaida visigusane na chakula chenyewe, anzeni na lebo za nje na maboksi ya vitu vilivyokwisha kufungwa ndani.

Mtaniuliza, je, lebo 200 kwa mashine ya ofseti si hasara? Ni hasara, na ndiyo maana kaka yako hakosei kabisa anapotaja dijitali. Ila hamna haja ya kuimiliki. Dar es Salaam zipo nyumba za uchapaji zenye mashine hizo ambazo hazipati kazi ya kutosha mchana kutwa. Pelekeni kazi za wateja kumi kwa mkupuo mmoja, zichapwe kule kwa malipo ya kila karatasi, kisha kuzifunika utando wa kuzuia mafuta, kuzikata na kuzikagua kufanyike kwenu. Kazi zikifika kiasi cha kuilisha mashine yenu wenyewe, mtaliona katika daftari lako, na siku hiyo benki itawakopesha kwa kutazama kazi mlizo nazo, hati ya nyumba ikiwa imelala kabatini.

Sipendi biashara ijaribiwe pasipo mpaka, kwa hiyo tengeni kiasi cha fedha ambacho kikipotea hamtalala njaa, mfungue daftari la peke yake, na mkubaliane miezi sita. Mwandike tangu mwanzo ni kitu gani kikitokea mtaacha. Msifungie kazi za zamani, kwa kuwa ndizo zitakazolipia jaribio. Hata kadi za harusi bado zinatakiwa na wale wanaotaka kumpelekea mjomba au shangazi mzee kitu cha kushika mkononi, chache lakini za gharama. Msikilize pia mteja anayeitumia bidhaa yenu msivyotarajia. M-Pesa ya Kenya, ilipokuwa katika majaribio mwaka 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Watu wakaonekana wanatumiana fedha wao kwa wao. Waendeshaji hawakuwakemea. Walipoizindua Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko walikokunadi.

Sasa baba. Usimwendee na kisa cha Kodak, maana atasikia unamwambia kuwa yeye ni maiti. Mwombe akusimulie mwaka 1996. Mtu aliyeuza shamba la urithi, akaacha herufi za risasi alizozijua kwa vidole na kuifuata ofseti asiyoijua, huku baba yake amemnunia, huyo hakuwahi kuwa mpinzani wa mabadiliko. Ana hofu ya kupoteza safari hii akiwa hana umri wa kuanza tena, na hofu hiyo ina haki yake. Mfano ambao hautamchoma ni wa khanga. Doti haijabadilika, pindo ni pindo na mji ni mji, lakini wale wenye nyumba ya Mali ya Abdulla pale Mombasa, walioanza biashara mwaka 1887, hawakukaa na jina moja la khanga miaka yote hiyo. Kila msimu wanawake huja kuuliza kuna maneno gani mapya. Mwambie mnataka kubadili jina, doti ibaki yake. Halafu mpe kazi yenye heshima ya kweli: lebo isitoke nje ya kiwanda kabla yeye hajaipitisha. Kaka yako mpe jaribio lenyewe aliongoze, akatafute wasindikaji, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ikiwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kijana mwenye haraka akikosa njia ya kutokea huishia kutia saini mahali pabaya. Na mafundi sita muwaambie kabla hawajasikia kwa watu. Ugomvi wameusikia, mpango hawajausikia.

Wewe usiwe upande wa yeyote. Andaa ukurasa mmoja unaoonyesha kila aina ya kazi imeleta faida gani kwa miaka mitatu iliyopita, uwawekee wote wawili mezani kwa wakati mmoja, chumba kimoja, baada ya chakula.

Lakini kabla ya kikao hicho, mtafute mama wa siagi ya karanga. Mwombe radhi, umwahidi lebo zake 200 kwa bei ya gharama, na mzichape kwa karatasi tatu tofauti. Siku lebo zikiwa tayari, mwombe baba mwende naye nyumbani kwa mama huyo, akiwa na miwani yake. Mwache achovye kidole gumba kwenye mafuta yanayoelea juu ya siagi, aipakaze kila lebo, na aseme mwenyewe ipi ibaki.